Nyota wa Roki: Wamezama au Wamehama?

Katika mtaa wa Shangani, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, upo mlango ambao wageni husimama mbele yake mchana kutwa wakipigana picha. Tangu mwaka 2019 nyuma ya mlango huo pamekuwa na makumbusho ya mtu mmoja, naye si sultani, si mwanazuoni wala si nahodha, bali ni mwimbaji wa muziki wa roki. Jina lake la ulimwengu ni Freddie Mercury. Jina alilopewa na wazazi wake alipozaliwa hapa Unguja ni Farrokh Bulsara. Wenyeji hupita na vikapu vyao vya Darajani, wengi wao bila ya kugeuza shingo.

Wapenzi wa muziki huo, popote walipo, wana malalamiko ambayo sasa yamekuwa kama wimbo wenyewe: kwamba nyota wa kweli hawapo tena. Waimbaji wapo, tena wengi kupita wakati wowote, matajiri wapo, wanaojulikana na mamilioni wapo. Lakini nyota wa roki, yule ambaye akipanda jukwaani dunia husimama, eti amekwisha. Malalamiko haya si mageni kwetu. Nani hajamsikia mzee wa taarabu akiapa kwamba tangu afe Siti hapakuimbwa tena? Kwa hiyo swali hili, ijapokuwa limezaliwa ng'ambo, tunaweza kulipima kwa mizani yetu. Nia ya makala haya ni kulipima kwa historia, yaani kuuliza kwanza nyota huyo alitokana na nini, kisha kutazama ni kipi kati ya hivyo kilichobaki.

Kuwa nyota na kuwa na nyota

Tuanze na neno. Kwa Kiswahili cha wazee wetu, mtu hakuwa nyota. Mtu alikuwa na nyota. Husemwa fulani nyota yake kali, au fulani nyota yake imefifia, na waganga hutazamia nyota za watu. Nyota katika maana hiyo ni kitu anachozaliwa nacho mtu, hakinunuliwi wala hakitengenezwi. Matumizi ya kumwita mtu mwenyewe nyota yametujia baadaye, pamoja na sinema, magazeti na mpira. Katika maana hii ya pili, nyota ni cheo, na cheo hutolewa. Lazima awepo wa kukitoa: kampuni ya santuri, kituo cha redio, mwandishi wa gazeti, umati wa watu.

Tofauti hii ndogo ya sarufi itatusaidia sana huko tuendako. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa na nyota. Hakuwa na santuri wala redio, lakini tungo zake zilivuka bahari, na washairi wa upande wa Lamu wakajibu. Mji mzima ulijua Muyaka kasema nini, kwa sababu mji mzima ulikuwa na baraza zile zile na masikio yale yale. Hata hivyo hakuna aliyemwita nyota. Cheo hicho kilikuwa hakijabuniwa, kwani kilihitaji mitambo ambayo dunia ilikuwa bado haijaiona.

Mitambo na damu

Mitambo hiyo ilikamilika Marekani katikati ya karne ya 20. Ukipenda unaweza kuihesabu: gitaa la umeme, lililompa mtu mmoja sauti ya kushinda tarumbeta kumi, santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyotoka mwaka 1949 na ambayo kijana aliweza kuinunua kwa fedha yake ya mfukoni, redio ndogo ya transista, iliyoingia madukani mwaka 1954 na kumwezesha kijana huyo kusikiliza mbali na wazee wake, na televisheni, ambayo ilikuwa na njia chache mno, kiasi cha kuwa taifa zima lilitazama kitu kimoja kwa saa moja. Juu ya yote hayo, vita vilikuwa vimekwisha na kulikuwa na kizazi cha vijana wenye fedha na wakati.

Lakini mitambo haiimbi. Damu iliyotiwa ndani yake ilitoka kwa Wamarekani weusi. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa kanisani, alikuwa akilichanachana gitaa la umeme na kurekodi nyimbo zenye mwendo wa roki katika miaka ya 1940, kabla ya muziki huo kupata jina lake. Big Mama Thornton alirekodi Hound Dog mwaka 1952. Miaka minne baadaye wimbo huo huo uliimbwa na kijana mweupe wa Mississippi, Elvis Presley, na ulimwengu ukadhani ni wake. Chuck Berry na Little Richard wakaupa muziki huo maneno na ukelele wake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nyota wa roki alikuwa na mambo mawili ndani yake: kipaji cha kweli na dhuluma ya kweli. Cheo kilitolewa, lakini si kila aliyestahiki alipewa.

Tarehe 9 Septemba 1956 Presley alitokea katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Watazamaji walikisiwa kuwa milioni 60, zaidi ya wanane katika kila kumi waliokuwa mbele ya televisheni usiku ule. Alipotokea mara ya tatu, Januari 1957, kamera ziliamriwa zimwonyeshe kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kwa kuwa mtikiso wa nyonga zake ulionekana ni fedheha. Amri hiyo ya kamera inatufundisha jambo. Nyota wa roki alikuwa mtu aliyeuvuka mpaka hadharani, mbele ya watu wote, katika jamii ambayo bado ilikuwa na mipaka na bado ilijali ikivukwa. Kama hapana mpaka, hapana wa kuuvuka.

Jumapili tarehe 12 Januari 1964 Zanzibar ilipinduliwa. Wiki nne kamili baadaye, Jumapili tarehe 9 Februari, vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, walitokea katika kipindi kile kile cha Ed Sullivan, na watu wapatao milioni 73 wakawatazama. Matukio haya mawili hayana uhusiano wowote, ila kwamba yote mawili yaliyagusa maisha ya kijana mmoja wa miaka kumi na saba aliyekuwa mjini hapa.

Kijana wa Shangani

Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, waliotoka upande wa Gujarat. Baba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mwenye kushika fedha. Angali mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, ambako alijifunza piano na ambako mwaka 1958 alianzisha na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Alirejea Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, aila nzima ikahamia Uingereza, katika kitongoji cha Feltham karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Huko alisoma sanaa ya michoro, akabeba mizigo ya abiria, akauza nguo kuukuu sokoni Kensington. Mwaka 1970 alijiunga na Brian May na Roger Taylor kuunda bendi, akaipa jina Queen, naye akajiita Mercury.

Hebu tumtazame kwa ile mizani yetu. Kwanza mitambo. Mwaka 1975 bendi ilirekodi Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usiokuwa na kiitikio, wenye kipande cha opera katikati, ambamo msikilizaji Mwislamu hushtuka kulisikia neno tunaloanzia kila jambo. Kampuni ya santuri iliona ni mrefu mno, hakuna redio itakayoupiga. Mtangazaji mmoja wa redio ya London, Kenny Everett, aliupiga mara kumi na nne katika siku mbili. Wasikilizaji wakavamia maduka kuitaka santuri ambayo bado haijatoka. Ulipotoka ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Mlango ulikuwa mmoja, bawabu alikuwa mmoja, naye alipofungua, taifa zima liliingia kwa pamoja.

Kisha mwili na umati. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, lilifanyika tamasha la Live Aid kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Queen walipewa kama dakika ishirini, sawasawa na wengine. Waliokuwapo uwanjani walikuwa takriban watu 72,000, na waliotazama kwa televisheni katika nchi mbalimbali walikisiwa kuzidi bilioni moja. Mercury alitoa sauti zisizokuwa na maneno, na umati ukamjibu kila mkunjo. Sisi tunaojua kuitikia, tuliolelewa katika maulidi ya homu na ngoma za mzungusho, tunafahamu kilichotokea pale. Alikuwa kiongozi wa ngoma, na wale maelfu walikuwa waitikiaji wake. Kuna wanaosema kuwa hizo ndizo dakika ishirini kuu katika historia ya roki, na hata asiyekubali hupata taabu kutaja nyingine.

Lakini haki itendeke: nyota hakuwa walii. Oktoba 1984, miezi tisa kabla ya Wembley, bendi hiyo hiyo ilikwenda kuimba Sun City, Afrika Kusini, wakati ambapo wanamuziki wa dunia walikuwa wameombwa waisusie nchi ya ubaguzi. Chama chao cha wanamuziki huko Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawatia katika orodha yake ya waliovunja mgomo. Kwamba mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Afrika alikuwa miongoni mwao ni jambo linalouma, na halifutwi na utamu wa sauti.

Tatu, siri. Mercury hakuwa mtu wa mahojiano, na Zanzibar aliitaja kwa nadra. Watu walimjua kwa yale aliyoyafanya jukwaani tu. Miaka ya mwisho aliugua, magazeti yakanong'ona, naye akanyamaza na kuendelea kurekodi. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI. Siku ya pili yake akafariki, akiwa na umri wa miaka 45. Mtu aliyekuwa akijulikana na nusu ya dunia aliweza kuwa na siri mpaka saa ishirini na nne za mwisho.

Kabla yake, Fumba

Msomaji mpenzi atasema: haya yote ni ya kwao. Sivyo. Kisiwa hiki kilikuwa kimeshaonja jambo hili kabla ya Presley hajazaliwa. Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fumba yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, na kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi. Alizoea kuvitembeza vyungu mjini akinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki, akajiunga na akina Subeti Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice iliwachukua yeye na wenzake mpaka Bombay, na santuri zake, zilizoimbwa kwa Kiswahili, zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika pwani yote na bara. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti katika santuri.

Ukiyaweka maisha hayo karibu na yale ya Mercury, utastaajabu. Wote wawili waliacha jina la kuzaliwa wakachukua jingine. Wote wawili walibezwa kwa sura zao: Shaaban Robert, katika wasifu alioundika juu ya Siti, ameeleza jinsi wenye husuda walivyomcheka kwa uso wake na kwa asili yake, na jinsi alivyoyajibu hayo. Wote wawili waliinuliwa na mtambo mpya wa zama zao. Na wote wawili walivuka mpaka. Binti wa ukoo wa watumwa alikaa mbele ya masultani akaimba, kisha akarudi kuimba mbele ya wachukuzi na wauza kahawa. Taarabu, iliyokuwa ya kasri na ya Kiarabu, akaitia Kiswahili cha mitaani na visa vya mitaani. Wimbo wake wa Kijiti ulikuwa juu ya mwanamke aliyeuawa na haki iliyopotea mahakamani. Aliyetaka kujua mji unasema nini alimsikiliza Siti.

Basi kama nyota wa kweli ni mtu mwenye kipaji, aliyepewa mtambo, akavuka mpaka mbele ya watu wote kwa pamoja, Siti alikuwa mmoja wao, ijapokuwa hakushika gitaa. Roki haikuibuni hali hii. Iliipa umeme.

Kilichobomoka

Sasa turudi kwenye malalamiko. Ni kipi kilichokufa?

Wa kwanza kufa walikuwa watu wenyewe. Jimi Hendrix alifariki Septemba 1970, Janis Joplin Oktoba ya mwaka huo huo, Jim Morrison Julai 1971. Wote walikuwa na umri wa miaka 27. Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alijiua Aprili 1994, naye akiwa na miaka hiyo hiyo 27. Cobain ni wa kutazamwa zaidi, maana aliuchukia ukuu aliopewa. Albamu ya Nevermind, iliyotoka mwaka 1991, ilimfanya sauti ya kizazi kizima bila ya yeye kuomba. Wapo wanaohesabu kifo chake kuwa ndio mwisho wa ukoo wa nyota wa roki. Wanaoulilia ukoo huo wakumbuke kwamba walaji walikuwa wengi na sadaka walikuwa wachache.

Baadaye ukabomoka mlango. Mwaka 1999 Napster iliwawezesha watu kupeana nyimbo kwa kompyuta bila ya malipo. Ilifungwa mwaka 2001, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. YouTube ilianza mwaka 2005, Spotify ikafunguliwa mwaka 2008. Bawabu akakosa kazi. Hili lilikuwa faraja kwa wengi waliokuwa wakingoja nje, wakiwamo vijana wa Tandale na wa Ng'ambo, ambao leo hawahitaji kampuni ya London wala ya Bombay ili wasikike. Lakini mlango ulipoondoka, na ule wakati wa watu wote kuingia pamoja uliondoka nao. Kila msikilizaji sasa ana mlango wake mfukoni, na nyuma ya kila mlango yupo mwimbaji mwingine.

Ikafuata siri. Mwimbaji wa leo hutakiwa aonekane kila siku: alichokula, alipolala, aliyegombana naye. Anayenyamaza wiki mbili husahauliwa. Ile miaka ya ukimya aliyoipata Mercury, leo asingepewa hata mwezi. Na wahenga walishasema, mazoea huleta dharau. Huwezi kumwona mtu akipiga mswaki asubuhi ukamwona radi usiku.

Mwisho, mipaka. Nyonga za Presley zilihitaji jamii yenye kuona haya. Nguo zilizobana za Mercury zilihitaji taifa lenye kuvaa tai. Leo, katika nchi walikotoka nyota hao, karibu kila mpaka wa mavazi na mwenendo umeshavukwa, na mengine yamekuwa matangazo ya biashara. Anayetaka kushtua huambiwa: tumeshayaona.

Pia upo ukweli mwingine ulio mwepesi. Bendi ya roki ni watu wanne au watano wanaohitaji chumba, vyombo na miaka ya kugombana na kupatana. Kijana wa leo akiwa na kompyuta anaweza kutengeneza muziki peke yake chumbani. Haishangazi basi kwamba mwaka 2017, kwa mujibu wa hesabu za Nielsen, muziki wa hipu-hopu na wenzake uliipita roki kwa mara ya kwanza kwa kusikilizwa zaidi Marekani. Na tazama kinaya: mwaka huo huo mmoja wa nyimbo zilizokaa juu kabisa kwa wiki nane nchini humo ulikuwa wa hipu-hopu, ukaitwa Rockstar. Gitaa lilikuwa limeshushwa, lakini kila mtu bado alikitaka cheo. Nyumba ilibomolewa, watu wakagombania kibao cha mlangoni.

Wamezama au wamehama?

Wanaopinga kwamba nyota wamekwisha watatuletea mfano wa Taylor Swift. Ziara yake iliyoanza Machi 2023 na kumalizika Desemba 2024 ilikuwa na maonyesho 149, ikahudhuriwa na zaidi ya watu milioni kumi, na tikiti zake zikaingiza zaidi ya dola bilioni mbili. Hakuna nyota wa roki wa zamani aliyevifikia viwango hivyo katika ziara moja. Wala si umati baridi. Wale wanaokuja hulia na kuimba kila neno. Kwa hiyo umati haujafa. Lakini fanya jaribio hili: muulize mtu asiyekuwa mpenzi wake amtajie nyimbo zake tatu. Mwaka 1975 hata mzee aliyeichukia Bohemian Rhapsody aliijua, kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia. Leo mtu anaweza kuishi jirani na umati wa watu milioni kumi asiusikie. Umati umekuwa mkubwa zaidi, na umekuwa kisiwa.

Upo na mfano wa upande wa pili. Mwaka 2022 London ilifungua ukumbi ambamo ABBA huonyeshwa kwa mitambo ya kompyuta wakiwa vijana kama walivyokuwa miaka ya 1970, ilhali wenyewe wamekaa nyumbani na mvi zao. Watu hujaa. Hapo mtambo umemmeza mtu kabisa. Cheo kimebaki, mwenye nyota hayupo. Na tarehe 5 Julai 2025, mjini Birmingham, Ozzy Osbourne, mmoja wa wazee wa roki nzito, aliimba mara ya mwisho katika uwanja wa mji wake, ameketi juu ya kiti kama cha enzi kwa kuwa maradhi yalikuwa yamemnyang'anya miguu. Tarehe 22 ya mwezi huo akafariki. Kati ya maonyesho haya mawili, lile la vivuli vya ujana na lile la mgonjwa aliyekuja na mwili wake mwenyewe kuwaaga watu wake, msomaji hahitaji kuambiwa nyota ilikuwa wapi.

Kwa hiyo jibu letu lina pande mbili, na ndipo ile tofauti ya mwanzo inapotufaa. Kuwa nyota, kwa maana ya cheo kile cha roki kilichotolewa baina ya mwaka 1956 na miaka ya 1990, kumekwisha. Kilihitaji mlango mmoja, siri, mipaka na televisheni yenye njia chache, na vitu hivyo havirudi. Kila zama na kitabu chake. Kuwa na nyota hakujakwisha, kwa sababu hakukuanza na roki. Muyaka alikuwa nayo bila ya umeme. Siti alikuwa nayo kwa santuri. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, alikuwa nayo, na alipotunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa ajuza ambaye watu walishindana kukisia umri wake. Alipanda majukwaa ya Ulaya na ngoma yake ya msondo, kama alivyoipiga kwenye unyago. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, wapo wageni waliomlilia kama nyota wa roki. Walikusudia sifa, na tunaipokea. Lakini yeye alikuwa amebeba kitu kikongwe kuliko neno walilompa.

Linabaki deni letu. Mwaka 2006, mwaka ambao Mercury angetimiza miaka 60, palipangwa hapa Unguja sherehe ya kumkumbuka. Jumuiya moja ya Kiislamu ilipinga, ikisema maisha yake hayalingani na maadili ya kisiwa hiki, na sherehe ikafutwa. Si kazi ya makala haya kuwahukumu waliopanga wala waliopinga. Lakini yapasa kusema kwamba waliopinga walimchukua Mercury kwa uzito kuliko wale wanaouza fulana zenye uso wake. Walielewa kwamba nyota si picha ya kuvutia watalii. Ni mtu aliyevuka mpaka, na aliyevuka mpaka hudai jibu. Tunaweza kumjibu kwa kumkataa, au kwa kumpokea pamoja na makosa yake, au kwa kubishana naye kama Lamu ilivyobishana na Muyaka. Kumtundika ukutani bila ya kumjibu ndiko kumzika mara ya pili.

Na hilo ni kweli zaidi kwa walio hai. Siti alichekwa kabla ya kuimbiwa sifa, na wasifu wake mkuu, ulioandikwa na Shaaban Robert, ulichapishwa miaka kadhaa baada ya kifo chake cha mwaka 1950. Bi Kidude alijulikana Paris na Tokyo huku wengi wetu tukimwona bibi wa kawaida anayepita njiani. Huwenda usiku huu, katika nyumba fulani ya Ng'ambo, Wete au Makunduchi, yupo binti mwenye sauti ambayo haijapata kusikika, na jirani yake anamgongea ukuta anyamaze. Tunapouliza kama nyota wa kweli bado wapo, tuanze na ukuta huo.